Ikichoma Ndiyo Inashika

Kwa kucha mimi sina mpinzani, na anayebisha alete mkono. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliniacha, tusigombane. Lakini mpe profesa brashi ya jeli ya kucha uone kama hatajipaka mpaka kwenye kiwiko. Nasema haya mapema ili mjue kwamba nililofanya sikulifanya kwa kutojua kazi. Nililifanya kwa kujua kazi nusu, na fundi nusu ni hatari kuliko asiye fundi, maana asiye fundi hakuna anayempa mkono wake.

Habari yenyewe ni ya dada yangu. Tumbo moja, yeye wa kwanza, mimi kitinda mimba. Mama alipofariki, dada alinilea kwa vidole vyake, maana ni msusi. Watu wanamwita Rula. Wasusi wengine wanagawa nywele kwa kitana. Yeye anatumia ukucha wa dole gumba la kulia. Anauweka kwenye paji la uso, anauvuta mara moja hadi kisogoni, na njia inatoka imenyooka kama imepigwa mstari. Nywele zimepita hapo miaka ishirini, hadi ukucha ukachimbika mfereji katikati.

Kazi aliifanyia koridoni, chini ya ngazi za jengo la maduka, mteja amekaa kwenye kigoda, yeye amesimama kutwa nzima. Jioni miguu imevimba kama mikate. Kisha ikafunguliwa saluni kubwa barabara ya pili. Kule hata msusi ana kiti chake cha kuzunguka, na ukiugua unalala nyumbani na kazi yako inakungoja. Dada hakuwahi kutaka kitu duniani kama alivyotaka kile kiti. Mwenye saluni, mama mmoja wa miwani, akamwambia aje Jumamosi asuke kichwa kimoja wamtazame. Sharti lake moja tu: kila mfanyakazi kucha ziwe zimepakwa rangi.

"Mdomo," dada akaniambia, maana hilo ndilo jina langu nyumbani, "nipake. Ila zisiwe za kuchekesha watu."

"Dada, ukitoka hapa kila utakayempungia mkono atakuja kuleta posa."

"Paka, acha maneno."

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na taa mpya ya kukaushia jeli, kali, inakausha upesi. Nikasaga kucha zake kwa mashine ili jeli ishike. Ule mfereji wa gumba ukanikera roho. Nikausaga mpaka ukucha ukabaki kama ganda la kitunguu, halafu nikaufukia kwa tone moja kubwa la jeli, pwaa. Mwenye akili angepaka nyembamba, akakausha, akarudia mara tatu. Mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Akaingiza mkono kwenye taa. Haikupita muda akauchomoa.

"Inachoma."

"Ikichoma ndiyo inashika." Ndivyo tunavyosema mafundi wa mtaa huu. Waliotufundisha walituambia, nao waliambiwa. "Rudisha."

Akarudisha, akatoa tena, machozi yanamlenga. "Mdogo wangu, hii si ya kuchoma kawaida."

Hapo mtu mwingine angenyamaza akamtazama usoni. Lakini jina langu sikupewa bure. "Wewe si ndiye unawavuta watu nywele mpaka nyusi zinapanda, wakilalamika unawaambia isipouma haijashika? Leo zamu yako unataka kukimbia? Rula mzima anashindwa na kijitaa?"

Wateja wangu wawili waliokuwa wanangoja wakacheka. Dada naye akacheka, maana maneno yalikuwa yake kweli, akauma mdomo, akarudisha mkono. Nikamshika kiwiko asiutoe, nikawa nahesabu kwa sauti kama refa wa ndondi. Nilifika sitini.

Kucha zilitoka nzuri, sitawaficha. Nilizipiga picha.

Alhamisi gumba likaanza kupwita. Ijumaa asubuhi ukucha umeachana na nyama, chini kumekuwa kweupe, ukiugusa dada anaruka. Nikakimbia kwa mama anayetuuzia vifaa.

"Taa yako haina moto wa kumuunguza mtu hivyo," akaniambia. "Jeli yenyewe ndiyo inayotoa joto wakati inaganda. Ukiweka nene, joto linatoka lote kwa mpigo. Taa ikiwa kali, ndiyo kabisa. Na ukucha umeusaga ukabaki utando, sasa nini kitamkinga? Akisema inachoma unatoa mkono, unasubiri kidogo, unarudisha. Hao waliokwambia ikichoma inashika, uliwauliza inashika nini?"

Nikamuuliza sasa nifanye nini.

"Mpeleke hospitali wamtazame. Halafu subira. Ukucha wa gumba unarudi baada ya nusu mwaka."

"Ana jaribio kesho, mama."

"Ungeiuliza jeli kama inajua hivyo."

Jumamosi dada akaenda na plasta kidoleni. Mimi nilisimama nje, namwona kupitia kioo cha dirisha. Akaweka gumba kwenye paji la yule mteja, akabonyeza, akalitoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Akachukua kitana. Mkono wake haukukizoea. Njia ikaenda ikapinda sikioni. Akafumua, akarudia, ikapinda tena. Mama wa miwani akamwambia kwa upole, na ule upole ndio ulionikata, "Asante dada, tutakupigia."

Jumatatu nikaenda saluni mwenyewe. Nikamweleza yule mama wa miwani kila kitu, taa, tone, kiwiko, kuhesabu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Zile kucha nyingine tisa ulipaka wewe?"

"Mimi."

"Nilizitazama sana. Fundi wa kucha bado sina."

Nikarudi koridoni nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nataka nitukanwe. Dada alikuwa anafumua kichwa cha mtu kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia nimepewa kazi kule saluni.

"Nenda," akasema bila kunitazama. "Mmoja wetu akae."

Nikaenda. Siku hizi napaka nyembamba, mara tatu, na mteja akishtuka namtoa mkono, namngoja. Wananiita fundi mwenye huruma. Kiti cha pembeni yangu amepewa msusi mwingine, mcheshi, hana ubaya na mtu. Njia zake zimepinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea. Wateja wanajigeuza kwenye kioo, wanashukuru, wanaondoka.

Nikirudi nyumbani dada ananiuliza, "Mwenzako leo kasukaje?"

"Vibaya."

"Na wateja?"

"Wameridhika."

Anaitikia kwa kichwa, anavuta beseni, anatumbukiza miguu.