Kitambaa cha Maabara Kilivyoniumbua Mpapura

Aibu hii ningeinyamazia, lakini kwa kuwa mama ameshaitangaza kijiji kizima, na kwa chumvi yake, afadhali muisikie kwangu.

Mimi nafanya kazi maabara, pale Mtwara mjini, tunatengeneza kitambaa kinachochagua. Plastiki yake inaumbwa ikiwa imeizunguka asidi ya ganda la korosho (ile inayobabua vidole vya wabanguaji), halafu asidi inaoshwa, vinabaki vitundu vyenye umbo lake, kwa hiyo ikipita tena inanasa humo na mengine yanapita zake. Na hiyo plastiki tunaivuta kwa umeme iwe nyuzi nyembamba kuliko za buibui. Tulitaka kukusanya ile asidi itengenezewe dawa ya wadudu badala ya kumwagwa, na kikundi cha kinamama wabanguaji cha Mpapura, nyumbani kwetu, kikikubali, tungeanzia kwao.

Basi nikafika bandani kwao, wakasimamisha kazi wanisikilize, mama yangu kakaa mbele kabisa. Bi Somoe, mwenyekiti wao, akasema, "Tukishike basi mwanangu, tusisimuliwe tu." Nikaona nikikataa nitaambiwa naringa. Nikakitoa. Kikapita mkono kwa mkono, huyu anakinusa, yule anakivuta, mama ndiye akakaa nacho kuliko wote (si kakitengeneza mwanawe!).

Kiliporudi nikakichovya kwenye glasi yenye spiriti iliyolowekwa maganda, nikasubiri, nikakitoa, nikatangaza, "Sasa humu asidi hamna!" nikadondoshea dawa ya kupimia, ambayo ikikutana na asidi ile hugeuka zambarau. Ikageuka zambarau, tena ya kukolea. Nikasema kitambaa kizima, dawa ndiyo mbovu, na ili kuwathibitishia nikaidondoshea kwenye spiriti safi kabisa. Haikugeuka. Nikakichovya kitambaa humo. Zambarau! Jasho likanitoka, nikajifuta uso, na nilichojifutia ni kitambaa kilekile.

"Kumbe hakinasi," Bi Somoe akasema, "kinatapika!"

Banda zima likacheka. Mama akainama, akawa anatengeneza ushungi uliokuwa umekaa vizuri tu.

Kufika jioni paji la uso linawaka moto, malengelenge yananitoka, nipo mbele ya kioo, ndipo nikaelewa. Walikuwa wametoka kubangua muda uleule. Kitambaa kilianza kazi pale kilipowagusa, kikashiba mikononi mwao wakati mimi bado natabasamu. Mimi niliyelelewa na mikono hiyo, nikaiacha nikahangaika na glasi.

Asubuhi nikarudi kwa Bi Somoe na uso wangu ule, nikamweleza yote. Alicheka, kisha akanitazama paji. "Sasa na wewe unajua inavyochoma," akasema. "Kitambaa chenu leteni. Ila glavu zitangulie."

Zilitangulia. Na nimeapa, nikiingia banda lolote la wabanguaji, kabla sijafungua mdomo kueleza chochote, nitawaomba kwanza wanionyeshe viganja vyao.