Sanduku la Kijani kwenye Barabara ya Bwera

Mafuta ya cherehani hayana harufu kali. Yakiwa ndani ya chupa, unaweza kuyanusa na usione tofauti kubwa na mshumaa uliozimwa. Lakini yakikaa miaka mingi kwenye kitambaa, yakachanganyika na vumbi la nyuzi, kutu na jasho la viganja, hutoa harufu ambayo utotoni niliijua kama harufu ya mama. Mama yangu alikuwa fundi wa cherehani zile za kukanyaga kwa miguu. Hakuwa na duka. Wateja wake walishonea kwenye varanda za Kasese, Katwe, Kinyamaseke na Bwera, na kwa kuwa cherehani ni nzito, fundi ndiye aliyewafuata. Watu walimwita Fundi tu. Mimi ni binti yake wa kwanza, ndiyo maana naitwa Masika kama wasichana wengi wa kwanza wa kabila letu la Wakonzo. Shule zikifungwa nilikuwa nasafiri naye, nimebanwa katikati yake na mwendesha bodaboda, na vyombo vya kazi vimepakatwa mapajani mwake.

Fundi anayezunguka hana budi kufikiria sana chombo cha kubebea vifaa vyake, na mama alifikiria kwa miaka. Alianza na kikapu cha ukili. Kikapu ni chepesi, lakini sindano hupenya kwenye matundu yake na springi ndogo hudondoka njiani bila kuaga. Akashona mfuko wa turubai. Mfuko ulikunywa mafuta mpaka ukawa mzito kama mtoto aliyelala, na bisibisi ikautoboa na kumchoma pajani. Seremala mmoja wa Bulembia akamtengenezea sanduku zuri la mbao. Tatizo la sanduku hilo lilikuwa Katwe. Pale ziwa ni la chumvi, na upepo wake huingia kila mahali. Mbao hazikuuzuia, na sindano mpya zilishika kutu kabla hazijatoka kwenye karatasi zake. Mama alitaka chombo kigumu, kisichopitisha upepo wala maji, chenye mpini, tena chenye kutoshea kwenye pikipiki. Alisema Mungu akimpa hicho hataomba kingine mwaka huo.

Alikipata mahali asipotarajia. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Mama Opio, mke wa askari, mcheshi aliyetoka mbali upande wa kaskazini na kushona sare za shule ndani ya kambi. Siku moja mama alimfufulia cherehani iliyokuwa imekwama. Mama Opio akafurahi, akamwaga sukari yake kwenye sufuria, na kumpa mama sanduku la chuma ambalo sukari hiyo ilikuwa imekaa. Lilikuwa la kijani kibichi, lina mpini juu, kifuniko cha kubana kwa klipu, na mpira mweusi uliouzunguka mdomo wake. Lilikuwa limetoka kiwandani likiwa la kuwekea risasi za bunduki. Ndani ya kambi hilo halikuwa jambo. Nyumba nyingi zilikuwa na moja, huyu ameweka unga, yule mkaa. "Beba, Fundi," alisema. "Hata panya ya hapa imeshindwa kuifungua." Tukacheka sote watatu. Tulipotoka getini mlinzi hakututazama mara mbili. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kitu kinachoitwa kopo la sukari upande huu wa ukuta kinaweza kuwa na jina jingine upande wa pili.

Mwaka huo hali haikuwa nzuri. Kulikuwa na vurugu upande wa milimani. Watu wazima walinyamaza watoto tulipoingia chumbani, na vizuizi vya askari viliongezeka barabarani. Asubuhi moja ya soko tulikuwa tunakwenda Bwera. Tulikuwa tumeshapita Kinyamaseke, jua linaanza kuuma, tulipokuta gogo limelazwa katikati ya barabara na askari wamesimama pande zote. Ilikuwa desturi abiria kushuka, kuonyesha vitambulisho, kuvuka kwa miguu na kupanda tena mbele. Mama akashuka, sanduku mkononi. Askari kijana aliyekuwa akitazama vitambulisho akaacha kuvitazama.

"Mama. Weka chini hiyo sanduku. Polepole. Rudi nyuma."

Mama akaweka. Mwendesha bodaboda wetu, aliyekuwa akitubeba kila juma na kunitania kwamba atanioa nikikua, akasema haraka, "Mimi nimewabeba tu, afande, siwajui." Akaambiwa aende. Akaenda bila kugeuka. Niliusikia mlio wa pikipiki yake ukipungua mpaka ukaisha, na hapo ndipo woga uliponiingia hasa. Uliniingia kuanzia miguuni, kama maji ya mto Nyamwamba yanavyompanda mtu anayevuka. Nilijua habari ya mwanamume wa mtaa wetu aliyekutwa amevaa kofia ya madoadoa kama ya jeshi. Alichukuliwa, na mkewe akawa anauliza kila ofisi. Nilimtazama mama na kuanza kuhesabu ni nani angewapikia wadogo zangu.

Kijana akafungua klipu. Sasa nifafanue kwa nini kilichomo ndani kilituzidishia balaa, maana nilikielewa nilipokua. Kulikuwa na chupa ya mafuta mepesi, brashi nyembamba ndefu, matambara yenye weusi, springi za kila ukubwa, na mkanda mrefu wa ngozi. Kwa mshonaji, hivyo ni vifaa vya cherehani. Kwa askari, hivyo ndivyo vifaa vya bunduki, tena vimo ndani ya sanduku la risasi. Akavipanga juu ya turubai kimoja kimoja, na kila alipoweka kimoja uso wake ulizidi kufungwa. Akamwita mkubwa wake, mtu mzima mwenye mvi kidogo masikioni, aliyekuwa ameketi kivulini.

"Hii ulitoa wapi?" mkubwa akauliza.

"Nilipewa, afande, nitie vyombo vya kazi. Mimi natengeneza cherehani."

"Nani alikupa?"

Mama angetaja jina, Mama Opio na mumewe wangekuwa matatani siku hiyohiyo. Asipolitaja, matata yalikuwa yake. Akaliruka swali, akaanza kueleza vyombo vyake kwa sauti ileile ya kuwafundishia wateja: hii ni ya kusukuma gurudumu, hii inabana uzi, mafuta haya ni tone moja tu kwa kila tundu. Mkubwa akanigeukia. "Wewe mtoto. Hii sanduku ni ya nani?" Nikasema, "Ni ya mama. Ya kazi." Akaninyooshea kidole nikae chini, nikakaa kwenye changarawe iliyoanza kuchoma.

Tulikaa pale mpaka vivuli vikawa vifupi. Magari ya sokoni yalifika, watu wakashuka na kuvuka, na wengi walimjua mama. Mwanamke ambaye mama alikuwa amemtengenezea cherehani siku chache nyuma alitazama milima kana kwamba ameiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Sikumlaumu, na leo simlaumu. Woga ni kama baridi, kila mtu hujifunika kwa blanketi alilo nalo. Kijana alikuwa ameshaanza kuongea kwenye simu habari ya gari la kutubeba aliposhuka kutoka kwenye lori mama mnene mwenye marobota ya vitambaa kichwani. Alikuwa Mama Furaha, Mkongomani mshonaji wa nguo za harusi pale Bwera. Huyu hakutazama milima. Alimtazama mama, akasimama katikati ya barabara, na kushika kiuno.

"Eh, Fundi! Kumbe uko hapa unaota jua? Machine yangu iko inaruka uzi tangu wiki ingine, ulisema utakuja, ukakuja? Bibi-arusi iko inalia kwangu. Robe yake ya harusi iko na mukono moja."

"Mama, tembea," kijana akamwambia.

"Natembea wapi bila fundi? Wewe ndiye utamushonea?"

Askari mmoja akaguna kicheko. Mkubwa akainua mkono. "Wewe unajua huyu mama?"

"Namujua? Muongo hivi! Kila siku 'nakuja kesho, nakuja kesho.' Lakini mukono yake ni muzuri, fundi mwingine kama yeye hapa hakuna. Mumufunge kesho. Leo mumupatie mimi."

Sijui kama alikuwa hajaelewa hatari yetu au aliielewa kuliko sisi sote. Nilimwuliza nilipokua, akasema alikuwa na hasira tu. Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainama, akalishika sanduku na kukung'uta springi za mwisho juu ya turubai. "Chukua vyombo yako. Hii inabaki." Mama akafungua kitenge kiunoni, akakusanya vifaa ndani yake na kukifunga fundo. Alipoinuka, yule mzee akasema kwa sauti ya chini ambayo kijana hakuisikia, "Huyo alikupa, mwambie aache kugawa. Hata kwangu bibi ameweka sukari ndani ya kama hii." Tukavuka gogo. Mama Furaha alitembea mbele akiendelea kulalamika mpaka Bwera, na mama alimshonea ule mkono wa pili wa gauni yeye mwenyewe.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; chombo kingine kilitakiwa. Shangazi akaleta sanduku jekundu lenye kufuli, mama akalirudisha kwa shukrani. Tulikwenda dukani Kasese, akaniambia nichague mimi. Nikamwomba mwuzaji atie bisibisi ndani ya kila chombo na kukifunga, nikarudi mpaka mlangoni, nikatazama kama naiona bila kukifungua. Niliiona kwenye ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye mfuniko wa kubana. Haikuwa imara. Jua liliipasua ukingo, na mafuta yaliifanya kuwa na ukungu, hivyo kila Jumamosi niliisugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka ikaonyesha tena. Mama alisema ninaisugua kupita kiasi, lakini alinipa maji.

Sasa mimi ni fundi wa umeme wa jua na nazunguka vijiji vilevile. Vijana wakiniuliza wanunue begi gani, nawaambia waangalie kitako kigumu, mishono miwili, mifuko ya ndani, na uzito ambao bega litauvumilia jioni, si asubuhi. Kuhusu rangi nasema tu isiwe ya kijani. Mama amezeeka kidogo, nimemnunulia begi zito la turubai lenye kufunika kila kitu, naye analipenda. Pasaka iliyopita tulipita wote wawili pale penye gogo. Halipo, kuna vijana wanauza nanasi, na barabara ni laini. Mama alikuwa akinisimulia habari za kwaya na hakugeuza hata kichwa. Aliyeumwa na nyoka, wanasema, akiona unyasi hushtuka. Nilipotazama chini nilikuta mkono wangu umeshafungua zipu ya begi langu, mpaka mwisho, tayari kwa mtu wa kulikagua.