Mtoro Mwenye Ruhusa ya Daktari

"Basi dada yangu, tumalize," karani wa ofisi ya wapiganaji wa zamani akasema, huku akichomoa kalamu yake mdomoni mwa mwanangu. "Umesema kweli, sentensi haijakaa sawa. *Alitoroka kikosini kwa ruhusa ya daktari.* Mtu hawezi kutoroka kwa ruhusa. Kwa hiyo tunaondoa hayo maneno ya ruhusa ya daktari, inanyooka."

Nikamwuliza ikishanyooka itasomekaje.

"Alitoroka kikosini."

Akatabasamu kama mtu aliyekusaidia kufunga mkungu wa ndizi kwenye baiskeli.

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Ilikuwa mara ya tatu natoka Muleba kwenda Bukoba kwa ajili ya sentensi hiyo moja, na mtoto wa miezi minane mgongoni, anayeota meno na kutafuna kila mali ya serikali inayomkaribia. Mara mbili za kwanza nilijikaza. Nilisalimia vizuri, nikasema samahani, nikasema asante kwa kuambiwa nirudi nilikotoka. Mara hii nilipiga meza kwa kiganja, muhuri ukaruka, benchi zima likageuka. Mwanangu akacheka. Alidhani ni mchezo.

"Kaka," nikamwambia, "mimi nimemaliza kidato cha nne, Kiswahili nilipata B. Usininyooshee sentensi kwa kumvunja baba yangu mguu wa pili."

Baba yangu, ambaye kwa Kihaya tunamwita Tata, alipigana vita vya Kagera akiwa kijana. Hadithi yake ya vita sote nyumbani tumeikariri, ila haitulii. Nilipokuwa darasa la pili maadui waliomzunguka walikuwa wanne. Nilipoolewa walishafika kumi na mmoja, na mmoja alikuwa na kifaru. Mama husema mjukuu akianza shule watakuwa jeshi zima. Lakini kuna kipande kimoja hakijawahi kuongezeka wala kupungua: handaki lilimwangukia, mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili, daktari wa kikosi akaandika aondoke, akatoka. Mguu uliunga vibaya. Mpaka leo anatembea kama anayeruka kidimbwi kila baada ya hatua mbili. Hata kuku wetu wanajua. Siku akitaka kuchinja mmoja, anatuma mtu amkamate.

Miaka yote hiyo hatukujua jalada lake linasema nini. Tulijua siku kijiji kilipoletewa orodha ya wapiganaji wa zamani ili wenyewe waihakiki. Mtendaji akaipigilia misumari ukutani, nje ya ofisi. Kila jina lina maelezo mbele yake. Huyu alistaafu, yule alistaafu, mwingine alifariki. Tata: *alitoroka kikosini kwa ruhusa ya daktari.* Nadhani mtu aliyechapa kutoka kwenye kadi ya zamani alikusudia *alitoka*, vidole vikazidi.

Wenzake anaokunywa nao pombe ya rubisi jioni walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Mtoro, leo umekuja kukaa au unapita tu?"

"Msogezeeni kiti karibu na mlango, asihangaike!"

"Nikitoroka na hicho kibuyu," Tata akawajibu, "mtanifuata nyote, na hamtasubiri ruhusa ya daktari."

Nilikuwepo, nimempelekea mchicha mke wa mwenye nyumba wanamonywea, na mimi nilicheka. Nilidhani yameishia pale.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa wazazi kuchukua mayai. Nimeolewa kijiji hichohicho, siku haipiti bila kufika kwao. Bandani nikakuta kikombe cha bati cha Tata, kile alichorudi nacho kutoka jeshini, kimewekewa kuku maji. Tangu nipate akili sijamwona akinywa chai kwa kikombe kingine. Tukiwa wadogo, kukigusa tu ilikuwa kesi.

"Tata, kikombe chako kiko bandani."

"Kiache hukohuko. Kile ni cha serikali. Mtoro anakaaje na mali ya serikali?"

Alisema huku anacheka. Lakini jioni hiyo hakwenda kwa wenzake. Wala kesho yake, wala kesho kutwa. Alishinda kwenye kibanja anapogoa mibuni aliyokwisha kuipogoa, mpaka Mama akamwambia aiachie walau majani. Nilipomwuliza anataka nini hasa, alitazama mkasi wake.

"Sitaki kitu, mama. Nataka tu siku nikifa niwe nimetoka. Nisiwe nimetoroka."

Nikamtazama mwanangu, mjukuu wake wa kike, aliyekuwa ameushika ule mguu mbovu akijaribu kusimama. Nikasema huyu hataitwa mjukuu wa mtoro shuleni. Kesho yake nikapanda gari la asubuhi.

Safari ya kwanza karani aliniambia lete shahidi aliyekuwepo. Sawa. Tata akanitajia mwenzake mmoja aliye hai, yuko Maruku. Nikaenda Maruku. Nikamkuta mzee anaanika kahawa uani, nikampa shikamoo, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtaja baba akaruka kama kijana.

"Yule mzito!" akapiga kelele. "Nilimbeba mimi! Tulikuwa wanne kwenye machela, mimi upande wa miguu. Mto tukavuka, kilima tukapanda, na yeye huko juu analalamika tunamtikisa. Angetoroka, waitu, tungemshukuru!"

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akaniangalia vizuri, akaona mimi sicheki.

"Wameandika hivyo kweli?"

"Kweli, na imebandikwa ukutani."

Aliingia ndani, akatoka amevaa shati safi, tukaenda kuandikisha kiapo.

Safari ya pili karani alikisoma kile kiapo mara mbili, akafungua jalada la yule mzee lililoandikwa alistaafu, akaniambia mbeba machela hana cheo. Nilete ushahidi wa ofisa. Nikamwambia ofisa aliyekuwepo ni daktari, na daktari amekufa zamani. Akasema pole sana, akaita anayefuata.

Ndiyo maana safari ya tatu sikuleta mtu. Nilileta akili yangu tu, nikamwonyesha kwamba sentensi yao inajikana yenyewe, aliyepewa ruhusa hatoroki. Akaelewa haraka sana, sifa zake nampa. Halafu ndiyo akataka kuinyoosha.

Baada ya kupiga meza niliomba karatasi mbili nyeupe. Alinipa tatu, nadhani kwa woga. Mama mmoja wa Miembeni, aliyekuja kwa shida zake mwenyewe, akanipokea mtoto, akaniambia, "Andika mwanangu, na uandike kwa herufi kubwa, hawa hawaoni." Nikaandikia palepale kwenye benchi. Nakala yangu ina muhuri wa kupokelewa upande mmoja na alama za meno mawili upande wa pili. Inasema hivi:

*Mkuu wa Ofisi,*

*Yah: Malalamiko juu ya herufi mbili*

*Mimi ni binti wa mwenye jalada. Kumbukumbu zenu zinasema baba yangu alitoroka kikosini kwa ruhusa ya daktari. Leo karani wako amekubali mbele ya watu kwamba jambo hilo haliwezekani, kisha akataka kulisahihisha kwa kufuta maneno ya kweli na kuacha ya uongo. Hilo ndilo ninalolalamikia.*

*Baba yangu alitoka vitani amelala kwenye machela, amebebwa na askari wanne. Mmoja yuko hai na kiapo chake nimekiambatisha. Mmekikataa kwa sababu hakuwa na cheo. Basi naomba ofisi inieleze kwa maandishi mtu aliyebebwa anatorokaje. Na kama kweli alitoroka, kwa nini huyo aliyemtorosha mmemwandika kwamba alistaafu.*

*Siombi jalada jipya. Katika neno* alitoroka*, futeni R na O inayoifuata. Litabaki* alitoka*. Kazi hiyo haihitaji kikao.*

*Orodha iliyosahihishwa ibandikwe kijijini kwenye ukuta uleule. Naomba nijulishwe siku moja kabla. Nina kikombe cha kuosha.*