Kuku Aliyeanguka Ukweni Haneti

Nivumilieni nikisimulia huku nimeinamisha uso, maana hii hata leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke niingie.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, nimemaliza chuo kikuu, kazi hakuna, kichwa kimejaa maswali, nikaenda kijijini Haneti na mchumba wangu Sechelela kujitambulisha kwa baba yake. Pale stendi ya Dodoma nilikula kila kilichopita mbele yangu, mishikaki, ubuyu, zabibu nyeusi ambazo hazikuoshwa, bila kumhoji muuzaji hata mmoja (ajabu ya msomi!). Kumbe maswali yote nilikuwa nimeyatunzia ukweni.

Tulipofika Sechelela akapotelea jikoni, mimi nikakalishwa uani, nikaletewa ugali wa uwele na bakuli la mlenda unaovutika kama gundi. Baba yake akasema, "Karibu, mwanangu, kula," kisha akageuza kigoda, akanipa mgongo.

"Baba, hatuli wote?"

"Wewe kula tu."

Mama yangu alikuwa amenionya nisiguse chakula cha ugenini kabla mwenyeji hajaonja, nami nikamcheka, lakini sasa nikajiuliza, mbona huyu mzee hataki kula, mbona hata kunitazama hataki? Nikameza matonge machache kwa kuogopa kukataa, tumbo likanguruma. Basi nikafanya utafiti: nikamrushia kuku aliyekuwa akipita uani tonge lenye mlenda. Akalidonoa, akasogea pembeni, akaanguka kwa ubavu vumbini, mbawa zinapigapiga, jicho limefumba nusu, mguu umenyooka. (Mimi nimekulia ghorofani Dar es Salaam, kuku namjua akiwa kwenye mchuzi.)

"Nimelishwa sumu! Nakufa, jamani!"

Nikatia vidole kooni, nikatapika palepale, na zile zabibu zilivyotoka nyekundu nikajua ni damu, nikazidi kupiga kelele namwita mama, majirani wakaja mbio na fimbo wakiuliza nyoka yuko wapi.

Kuku akasimama. Akajikung'uta vumbi, akaja kudonoa ugali wangu.

"We mgeni," jirani mmoja akasema, "huyo si alikuwa anaoga vumbi!"

Uani kukalipuka kicheko. Baba yake Sechelela hakucheka. "Kwetu baba hali pamoja na anayemposa binti yake," alisema taratibu, bado amenipa mgongo. "Nilikuwa nakuheshimu."

Sechelela alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. "Aliyepika ni mimi," akasema. "Sasa nikikupikia maisha yote, utaonjesha kuku wangapi?"

Niliondoka bila kusindikizwa, na mwaka uliofuata nikasikia ameolewa Kondoa.

Serikali bado naihoji, dini naihoji, hata bei ya sukari. Lakini nimeapa: nikiandaliwa chakula nanawa, nakula, namaliza, ndipo nauliza swali moja tu, aliyepika yuko wapi nimshukuru.