Programu yangu imemkuta bosi na karata

Leo bosi amekutwa anacheza karata kwenye kompyuta, na aliyemkuta ni programu yangu.

Likizo hii niko kwenye mazoezi ya kazi katika ofisi moja Chang'ombe. Sista Neema, fundi wa kompyuta, aliniambia nikiweka programu ya kufuatilia hali ya mashine zote bila kuzunguka na disketi, ataniombea nibaki likizo yote.

Nikaandika amri moja kwenye sava, ile kompyuta kuu. Inaisambaza programu yenyewe kwenye kila mashine, na ukiifuta inairudisha.

Bosi akaja kuona. Kwa heshima, nilikuwa nimemweka wa kwanza kwenye orodha.

Juu kabisa ya skrini: Mashine ya Bosi, nzima, imefunguliwa karata.

Mie nikaangalia sakafu. Nyie mnanijua.

"Nani kafanya hii?"

Nikanyoosha kidole kama darasani. Nikasema shikamoo, kwa mara ya pili.

"Kwangu itoe."

Sista Neema hata hakugeuka. "Ukiitoa inarudi, bosi. Ndo uzuri wake."

Bosi akanigeukia.

"Basi huyu binti abaki likizo yote, atafute namna ya kuitoa."

Namna naijua. Ni mstari mmoja tu wa kufuta kwenye ile amri.

Ingekuwa nyie, mngeufuta kesho au mngesubiri shule ifunguliwe?