Fidla Ndani ya Albamu ya Filamu

Juzi nilikuwa kwenye duka la simu pale Konde, ikipigwa albamu ya nyimbo za filamu. Ilianza kasida, ikaja rege, kisha rapu juu ya fidla, na zote zikapatana vizuri ajabu.

Akaingia bibi mmoja kununua chaja. Mwenye duka, kwa kumstahi, akataka kuizima rapu. Bibi akainua kidole.

"Uwache, mwanangu."

Akafumba macho mpaka wimbo ukaisha. Marehemu mumewe, alitwambia, alikuwa mpiga fidla wa taarabu, na tangu afariki, yeye bibi hakutaka kuisikia fidla tena.

"Nikutilie wimbo huu kwenye simu, Bi?" akauliza mwenye duka.

"Nitilie zote."

"Hata za makelele?"

"Zote. Yeye hakuzidiriki hizi. Ntamsikilizia mie."

Mimi nikatoa simu yangu nami nitiliwe.