Kizazi cha Sifa

Mutware, mfugaji aliyekimbia vita Kivu Kusini, alikuwa na mbwa jike mmoja, Sifa, aliyemlindia mbuzi wake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa miaka minne. Siku moja Mnyankole kutoka Mbarara alileta dume lake lenye karatasi za ukoo, akitaka limpande Sifa.

Mutware alilipapasa nyonga, akalikagua meno.

"Dume yako iko muzima," alisema. "Shida ni Sifa. Mama yake alikufaka na kifafa. Juma iliyopita naye alianguka, povu ikatoka mu kinywa."

"Nani atajua, mzee?"

"Batoto yake batajua."

Akampeleka Sifa Mbarara kwa daktari wa mifugo, afungwe kizazi. Sifa alichomwa dawa ya usingizi, hakuamka tena.

Mkewe, Miriamu, alimuuliza kama anajuta. Mutware aliendelea kuchimba kaburi la Sifa.